Ruhusa ya kutoka, lakini ipi?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na leo nawapa sababu.

Ninatengeneza programu ndogo ya simu kwa akina dada wa Kisii na Nyamira wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia. Inachukua maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye makaratasi yao na kuonyesha maana kwa Kiswahili na tamko la Kiarabu. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Si Kiswahili kimejaa Kiarabu?

Kumbe! Idhini yetu imetoka kwa idhn, na hapo hakuna taabu: hata simu ya Android ikiwekwa Kiarabu hutumia neno hilo kwa ruhusa za kamera na kadhalika. Lakini rukhsa, mzazi wa ruhusa, kwao ni leseni, kama ile ya udereva. Kuingia kwenye akaunti ni tasjil al-dukhul, yaani kuandikisha kuingia. Kibali cha kuishi nchini ni iqama.

Kosa langu lilikuwa kwenye kutoka. Katika faili la tafsiri niliweka ufunguo mmoja, "ruhusa ya kutoka", nikautumia kwa viza mbili. Nikamtumia dada yangu, mtoto wa mama mdogo, aliye Riyadh, aijaribu. Jibu lilikuja usiku:

"Kaka, hizi si kitu kimoja. Khuruj wa awda, natoka na kurudi kazini. Khuruj nihai, nimemaliza, iqama imekwisha. Siku mama akiugua huko Keroka na mwajiri akaniuliza nataka ipi, nikifuata simu yako sina kazi tena."

Nilinyamaza. Majaribio yote ya programu yalikuwa yamepita, hakuna hitilafu hata moja.

Na si jambo dogo. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwawezesha wafanyakazi wengi wa sekta binafsi Saudia kuomba viza hizo wenyewe, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Wao bado walibaki kumtegemea mwajiri, kwa hiyo neno analolitamka mbele yake lina uzito.

Sasa kuna funguo mbili: "natoka, nitarudi" na "natoka, sirudi". Nawe ukitafsiri programu, usiupe ufunguo jina la neno la Kiingereza. Upe jina la kile kitakachompata mtumiaji.

Kwa leo niishie hapa. Dada ameshanitumia maneno mengine saba ya kurekebisha.