Kushika Kimoja, Kuachia Kingine

Mtu mzima akianza kusoma kalkulasi baada ya miaka 18 ya kufundisha shule ya msingi, hana wa kumwuliza usiku. Mimi nilikuwa na vitabu vilivyoletwa kwa posta, taa ya chemli, na mtihani ambao nikiushindwa masomo yamekwisha, maana karo ya kurudia haikuwapo. Kalkulasi ya kigeu kimoja niliimudu. Ya vigeu viwili ilinikwamisha siku tisa.

Kanuni yenyewe ni fupi: chagua kigeu kimoja, kingine kichukue kana kwamba ni namba isiyobadilika, kisha tafuta kasi ya badiliko kama ulivyozoea. Wahenga walionya kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hapa unaambiwa ushike moja kwa makusudi na kuiachia nyingine itembee. Alama yake ni d iliyopinda mgongo, ∂, ambayo Legendre aliitumia mwaka 1786 na Jacobi akaifufua mwaka 1841. Kuiandika niliweza. Kilichonisumbua ni maana, kwa kuwa nyumbani kwangu hapakuwa na kitu kilichokubali kutulia ili kingine kipimwe. Sukari ikipanda bei, nauli nayo imepanda.

Wakati huohuo tulikuwa tunamjengea mama tangi la maji ya mvua. Miguu yake ilikuwa imechoshwa na njia ya kisimani, na fedha zilitosha kujenga mara moja tu. Fundi alitaka tangi la duara, upana mita 2, kimo mita 2, na kifuniko cha zege. Kaka yangu alisema ukuta upandishwe. Shemeji akasema tangi lipanuliwe. Nikachukua daftari.

Ujazo ni V = πr²h. Nikishika kimo, badiliko kwa nusu kipenyo ni 2πrh. Nikishika nusu kipenyo, badiliko kwa kimo ni πr². Kwa tangi letu, r ni 1 na h ni 2, kwa hiyo 12.57 dhidi ya 3.14. Kurefusha nusu kipenyo kidogo huongeza maji mara nne kuliko kurefusha kimo kwa kiasi hichohicho. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kitabu hakikukisema: 2πrh ni eneo la ukuta, na πr² ni eneo la sakafu! Kupanua ni kuuvika ukuta wote gamba jembamba la maji; kuinua ni kutandika tabaka moja la upana wa sakafu. Tangu usiku ule sikukariri tena.

Shemeji alifurahi, lakini saruji nayo ina hesabu yake. Eneo la ukuta, sakafu na kifuniko ni 2πrh + 2πr². Kwa nusu kipenyo hubadilika kwa 25.13, kwa kimo 6.28. Mara nne vilevile. Hakuna upande uliokuwa na faida: tangi lenye kifuniko, kimo chake kikiwa sawa na upana, ndilo linaloshika maji mengi zaidi kwa eneo hilo la zege. Fundi alisema vipimo hivyo alirithi kwa aliyemfundisha kazi.

Mtihani nilifaulu. Tangi likajengwa kama fundi alivyosema, likiingia lita 6,283. Nilipomweleza mama hesabu zote hizo, alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza bomba litawekwa wapi, asije akalazimika kuinama.