Nyandarua: Chimbuko la maji na taa za jijini

Je, msomaji mpenzi, umewahi kufungua mfereji jikoni mwako jijini Nairobi ukajiuliza maji hayo yametoka wapi? Mwanangu aliponiuliza swali hilo, nilimjibu harakaharaka kwamba yametoka kwenye bomba. Hakuridhika, nami pia sikuridhika. Ndipo shule zilipofungwa tukafunga safari ya milima ya Nyandarua, ambayo mvumbuzi Joseph Thomson aliipa jina Aberdare katika miaka ya 1880.

Nawe ukitaka kwenda, ondoka alfajiri. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150 za lami. Kutoka hapo utapanda kuelekea lango la Kiandongoro la Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare. Barabara za ndani huteleza mno mvua inaponyesha, kwa hivyo tafuta gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ulizia ada mapema kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Na usidanganywe na jua la Nairobi: huko juu sweta moja haitoshi!

Utayaacha mashamba ya chai, uingie msituni, kisha upite kwenye mianzi iliyosongamana. Hapo punguza mwendo, kwani tembo na nyati ndio wenyeji. Ukitazama juu ya miti huenda ukawaona mbega na manyoya yao meupe. Halafu kwa ghafla miti inakwisha, na mbele yako panatanda nyanda baridi za nyasi ngumu na vijito vya maji maangavu.

Kivutio kikuu cha huku ni maporomoko ya Karuru. Tulipofika ukingoni hatukuona chochote. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote, na tulichosikia ni ngurumo tu. Watoto walianza kunung'unika. Nawe likikupata hili, usigeuze gari. Subiri. Baada ya muda upepo ulivuma, pazia likafunguka, na kila mtu akanyamaza.

Karuru huanguka kwa ngazi tatu: mita 117, kisha 26, kisha 130. Jumla ni mita 273. Chukua jumba la KICC lenye urefu wa mita 105, ulibebeshe la pili, na bado maji haya yatayapita yote mawili! Ng'ambo ya bonde utayaona maporomoko ya Gura yakishuka kana kwamba yanashindana na mwenzake.

Sasa fuata maji hayo kwa mawazo. Karuru huingia Gura, na maji ya Gura hatimaye huingia mto Tana, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mito mingine ya milima hii, Chania na Thika, ndiyo inayojaza mabwawa na mabomba ya Nairobi, likiwemo bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka wa 1994. Hilo ndilo jibu nililomkosesha mwanangu. Maji unayopikia chai, na hata taa unayosomea gazeti hili jioni, yana deni kwa milima hii.

Si maji tu. Misitu hii iliwaficha wapiganaji wa Mau Mau baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri mnamo Oktoba 1956.

Lakini msitu uliowahifadhi mashujaa nao unahitaji kuhifadhiwa. Msitu ni kama sifongo: hunyonya mvua na ukungu, kisha huyaachilia maji polepole hata wakati wa kiangazi. Ukikatwa, mvua huteremka mara moja na udongo, kisha mito hukauka. Ndiyo maana ua wa umeme wa takriban kilomita 400 ulijengwa kuizunguka milima hii kuanzia mwaka wa 1989 hadi 2009, kuwazuia tembo wasiharibu mashamba na watu wasiharibu msitu. Hata hivyo ua hauleti mvua. Maji ya Ndakaini yalipopungua kwa ukame mwaka wa 2017, wakazi wa Nairobi waligawiwa maji kwa zamu, na madebe yakapangwa foleni mitaani.

Kwa hivyo, mzazi, ukipata nafasi wapeleke watoto wakaone. Beba chakula, maji na koti la mvua. Rudi na takataka zako zote, na usimwache mtoto akaribie ukingo peke yake. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili ya maji yetu iko Nyandarua, na aliyeiona hawezi tena kuuacha mfereji ukivuja usiku kucha.