Kijiji cha Kando ya Njia ya Wapagazi

Wengi wenu mmesoma shuleni habari za njia ya kale itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Vitabu huwataja Waarabu, Wazungu na watemi waliokuwa mashuhuri katika njia hiyo, walakini vijiji vilivyowalisha wasafiri havitajwi sana. Leo twapenda kuwaelezeni habari za vijiji hivyo, jinsi watu walivyoishi zamani na jinsi wanavyoishi sasa, kwa maana ndani ya habari hizi limo jambo moja ambalo kila mwenye nyumba na kila mwalimu yampasa kulifikiri.

Mtu atokaye mjini Tabora huona bado alama za zamani zile. Miembe mikubwa husimama, yenye vivuli ambamo wapita njia walipumzika. Huko Kwihara, karibu na mji, liko tembe lenye kuta nene za udongo, lililojengwa upya, nalo ni nyumba ya makumbusho. Katika mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa mahali hapo. Stanley alipokwenda zake pwani mwezi wa Machi, Livingstone alibaki akingoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti, kwa kuwa bila wapagazi hakuna aliyeweza kusafiri hata siku moja.

Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, mahali palipoitwa Kazeh, waliwakuta Waarabu wamekwisha jenga na kufanya biashara. Nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki viliingia kutoka pwani. Pembe za ndovu zilitoka, na watumwa pia walitoka, wakiwa wamefungwa. Jambo hilo halifai kufichwa tunapowaambia watoto habari za njia hii. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, na safari ya pwani ilimaliza karibu miezi 3.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifiwa kwa nguvu na uvumilivu. Desturi yao ilikuwa kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua, wapate kulima. Wale waliochelewa njiani, mashamba yao yalilimwa na wake zao na wazee. Nafaka ya vijiji iliuzwa kwa misafara, na mwaka wa vita au wa ukame, msafara na kijiji viliona njaa pamoja. Basi twaona ya kwamba hata wakati ule wa pembe na shanga, jembe ndilo lililoishika nchi.

Na mali ile ya pembe ilikwisha. Ndovu wa karibu waliuawa, hata wafanyabiashara wakalazimika kuvuka ziwa na kwenda mbali mpaka Manyema kuwatafuta. Kisha reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ya vichwani ikapungua mno. Njia ikaota majani. Vijiji vikabaki.

Tumepita katika vijiji vya upande wa magharibi, kati ya Tabora na Urambo. Nyumba nyingi siku hizi ni za matofali ya kuchoma na mabati, nyingine zaezekwa kwa nyasi. Usiku taa za nguvu za jua huwaka katika madirisha, na vijana wa pikipiki huchukua wagonjwa, magunia na abiria. Asubuhi wazee huamkiana "Mwangaluka" kama zamani, na mtoto hupiga goti kidogo mbele ya mkubwa wake. Vijiji vingi vimejipanga kando ya barabara, kwa kuwa katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka makao yao yaliyotawanyika, wakakusanywa mahali pamoja wapate shule, zahanati na maji.

Mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, kisha kiangazi hushika nchi. Watu hulima mahindi, mtama, karanga, mihogo na viazi vitamu, na mpunga katika mbuga zinazotuama maji. Viazi hukatwa na kukaushwa juani viwe michembe, au huchemshwa kwanza, kisha hukaushwa viwe matobolwa, nayo ni akiba ya miezi ya dhiki. Maji ndiyo taabu kubwa. Ingawa maji ya Ziwa Viktoria yameletwa kwa bomba mpaka mjini Tabora, vijijini wako akina mama ambao kiangazi huchimba visima mbugani na kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo.

Nyuma ya mashamba uko msitu wa miombo, nao ni ghala ya pili ya kijiji. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto hurudi na vikapu vya uyoga. Ntalali zikiiva, huliwa njiani kutoka shuleni. Msitu hutoa dawa, kuni, na mbao za mninga. Zaidi ya yote hutoa asali na nta, ambazo mkoa wa Tabora wajulikana kwazo. Wafuga nyuki hutundika mizinga juu ya miti, nao huirina kwa moshi jioni au usiku. Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga. Lakini nyuki hufuata maua, na maua yako mitini.

Hapa ndipo lilipo jambo tulilolitaja. Zao lenye fedha katika nchi hii ni tumbaku. Mradi wa Waingereza wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulipovunjika, Urambo iligeukia zao hilo. Hatuwezi kulidharau, maana limejenga nyumba za bati na kulipia masomo ya watoto wengi. Lakini majani yake hukaushwa katika bani kwa moto uwakao usiku na mchana muda wa wiki moja hivi, na kila bani hula kuni nyingi. Tena ardhi ikichoka, mkulima hufyeka mahali papya. Hivyo msitu hupungua kwa moto wa bani na kwa shoka la shamba, na pamoja nao hupungua uyoga, matunda, dawa na asali. Fedha ya tumbaku huingia mara moja kwa mwaka, nayo hukatwa kwanza deni la mbolea; bali mama aendaye mbali zaidi kutafuta kuni hulipa kila siku.

Pembe za ndovu zilikwisha kwa sababu kila mtu alihesabu alichopata, wala hapana aliyehesabu kilichobaki. Je, tutafanya hivyo na miombo? Dawa ya jambo hili haiko mbali. Mwenye bani apande miti ya kuni kabla ya kukata, na kulijenga bani lake kwa namna itumiayo kuni chache. Mfuga nyuki atumie mizinga ya mbao, aache kuambua magome ya miti mibichi, kwa kuwa mti ulioambuliwa hufa. Shamba lililoachwa likilindwa na moto wa kiangazi, mashina ya miombo huchipua yenyewe. Tena sheria ya misitu ya mwaka 2002 yakipa kijiji ruhusa ya kutenga msitu wake na kuutunza; yafaa mkutano wa kijiji uulize habari hiyo.

Nanyi walimu, wapelekeni watoto msituni siku moja. Wataje kila mti na kazi yake, waandike katika daftari. Mwaka ujao warudi na daftari lile lile, wahesabu iliyosimama.