Yule Mrefu Amepimwa Moyo?

Mtoto akirefuka haraka huku kwetu, hakuna anayemuuliza kama anajisikia vizuri. Anaulizwa kama anacheza basketi.

Mdogo wangu anacheza. Yuko kidato cha tatu, na shule inamlipia nusu ya karo kwa sababu ya ile mikono yake. Wee! Akiinyoosha utadhani kamba ya kuanika nguo. Mtaani wanamwita Mlingoti. Mimi niliacha chuo karo ilipomshinda mama, kwa hivyo matumaini ya nyumbani yalihamia kwa mwenye inchi nyingi.

Ndiyo maana habari za Isaiah Austin zilinigusa. Alikuwa mchezaji wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, mwenye urefu wa mita 2.16 na jicho moja lisiloona. Juni 2014, siku chache kabla ya NBA kuchagua wachezaji wapya, vipimo vilionyesha ana sindromu ya Marfan. Madaktari wakamwambia basi, asicheze tena. Alikuwa na miaka 20. Usiku wa uteuzi, kamishna Adam Silver alilitaja jina lake kwa heshima tu, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Marfan ni hitilafu ya tishu unganishi, zile zinazoushikilia mwili pamoja kama gundi na nyuzi. Mifupa hurefuka kupita kiasi, kifua hubonyea, lenzi ya jicho huweza kuteleza. Hatari kubwa iko kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ukuta wake hutanuka polepole bila maumivu, halafu siku moja unaweza kuchanika. Hali hii humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Wengi huirithi, ingawa karibu robo yao hawana mzazi aliye nayo.

Flo Hyman hakupata onyo. Alikuwa nyota wa voliboli wa Marekani, mita 1.96, na alishinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya 1984. Januari 1986, katika mechi huko Matsue, Japani, alitolewa uwanjani, akaketi kwenye benchi, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 31. Marfan ilijulikana maiti ilipochunguzwa. Ndugu yake wa kiume akapimwa, akakutwa nayo, akafanyiwa upasuaji.

Austin aliyasema yake mapema. Alianzisha wakfu wa kueneza habari za Marfan wakati ambapo hakuruhusiwa kucheza. Mwishoni mwa 2016 madaktari walimruhusu kurudi uwanjani, akaenda kucheza Serbia. Si wote wenye Marfan wanaoruhusiwa. Lakini anayejua anaweza kufuatiliwa, apewe dawa, na upasuaji ufanywe kabla mshipa haujachanika.

Nilimwambia mdogo wangu akunje kidole gumba ndani ya kiganja, kisha afunge ngumi. Ukucha wote ulitokeza upande wa pili. Peke yake hilo halithibitishi kitu. Warefu wengi ni wazima kabisa. Lakini yeye pia ana kifua kilichobonyea na miwani mizito. Daktari akamwandikia eko, ile picha ya moyo, na kumwambia asicheze mpaka majibu yatoke.

"Dada, wakinikataza, karo italipwa na nani?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Mama, aliyekuwa akichambua mboga, ndiye aliyejibu: "Karo nitaitafuta. Wewe nikikupoteza, nitakutafuta wapi?"

Eko ni Alhamisi. Tumechangishana, bado kidogo tu ifike. Jana kocha alipiga kuuliza kama kijana atacheza Jumamosi.

"Kwani ni goti?"

Mdogo wangu akanipa ishara kwamba naweza kusema. Nikaanza kumweleza Marfan ni nini, polepole, mpaka simu ikakatika. Nikajua amekasirika.

Baada ya dakika tano akapiga tena. Salio lilikuwa limemwishia.

"Hebu rudia ile ya kidole gumba," akasema. "Kuna mwingine hapa, wa kidato cha pili."