Nani Huyo Ananifuatafuata?

Mwaka jana, wakati wa masika, nilimrekodi baba yangu akipiga gitaa. Kazi hiyo niliiahirisha miaka mingi, kwa sababu ile ile inayotufanya tuahirishe mambo ya wazazi: tunadhani wapo tu. Kisha akapata kiharusi kidogo. Aliyekiita kidogo ni daktari. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, mpaka leo ukiviita vinachelewa kuitika. Kwa mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa gitaa la solo, hilo si jambo dogo.

Baba alipigia bendi ya kiwanda, enzi zile bendi za dansi zilipokuwa na mwajiri. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mchana baba alikuwa kwenye mashine, jioni mazoezini, Jumamosi ukumbini. Kiwanda kilipokufa, bendi ikafa nacho. Nyumbani hatuna kanda hata moja ya bendi ile. Kwa hiyo nilichokuwa nakirekodi ndicho pekee kitakachobaki.

Tulirekodi chumbani kwake, feni imezimwa, tukisubiri mvua iache kupiga bati. Waya ukatoka kwenye gitaa, ukaingia kwenye saundikadi, ukaingia kwenye kompyuta. Natumia programu ya Reaper. Baba akapiga wimbo mmoja wa zamani, mara tatu, akasema amechoka.

Usiku nyumba ikiwa imelala nikavaa hedifoni nisikilize. Jamani, mapengo! Sauti inakuja, inakuja, halafu kimya. Inarudi, inatembea hatua nne, halafu kimya tena. Nikaona aibu, na nisiwafiche, niliona aibu kwa niaba yake. Nilikuwa nimepanga kuwatumia ndugu na marafiki zake wa zamani, nikawawazia wakisikiliza na kutikisa vichwa: masikini, mzee kaisha.

Nikafungua dilei.

Kwa wasioijua, dilei ni plagini, programu ndogo unayoipachika juu ya sauti uliyorekodi. Inaimeza sauti, inaishika kidogo, kisha inaitoa tena. Reaper inakuja na ya kwake, inaitwa ReaDelay. Cha kwanza unachopanga ni muda, kwa milisekunde. Hesabu yake ni ya darasa la tano: gawa 60,000 kwa idadi ya mipigo ya wimbo kwa dakika. Baba alikuwa anatembea kwenye mipigo kama 100, kwa hiyo pigo moja ni milisekunde 600. Cha pili ni fidibeki, yaani kiasi gani cha mwangwi kinarudishwa ndani ili kizae mwangwi mwingine. Ukiiacha ndogo, sauti inarudi mara moja au mbili na kufa. Ukiizidisha, hairudi tu, inajikusanya, inaanza kupiga kelele kama spika iliyowekewa maiki mbele yake. Cha tatu ni uwiano kati ya sauti kavu ya gitaa na ule mwangwi wake.

Kuna na kichujio cha kukata sauti kali, na hicho nakipenda kuliko vyote. Mashine za mwangwi za zamani, kama Roland RE-201 ya mwaka 1974, zilitumia utepe wa sumaku: kichwa kimoja kinarekodi, vingine mbele yake vinasoma, na ule umbali kati yao ndio ucheleweshaji wenyewe. Kila marudio yalipoteza ukali kidogo, kama shati linalofuliwa kila siku. Kompyuta haichakazi kitu. Inarudisha sauti ile ile, safi vile vile. Ndiyo maana tunaikata sauti ya juu kwa makusudi, ili mwangwi uonekane umetoka mbali.

Nilikaa na vitu hivyo mpaka saa nane. Pengo moja moja yakajaa. Pale kidole kilipokosa, noti iliyotangulia ilirudi ikakaa mahali pake. Baba akawa mzima. Nililala na furaha ya mtu aliyemtendea mzazi wake wema.

Asubuhi nikamvisha hedifoni. Akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Baada ya kama nusu dakika akayafumbua.

“Nani huyo ananifuatafuata?”

“Ni mwangwi, baba. Ni wewe mwenyewe.”

“Mimi si nimeshasema? Mbona ananirudishia?”

Wimbo ulipofika kwenye chemko, akavua hedifoni kabisa. Baba hapigi na saa. Akifika kwenye chemko anakimbia, kama walivyokuwa wanakimbia ukumbini watu wakishaanza kuchemka. Mipigo 100 ikawa karibu 120, ambapo mwangwi ulipaswa kurudi baada ya milisekunde 500. Mimi nilikuwa nimeupigilia msumari kwenye 600. Kwa hiyo yeye anakwenda, na kivuli chake kinamkanyaga visigino.

Nikamwambia hilo linarekebishika, nitakata wimbo vipande viwili. Akatikisa kichwa.

“Toa, mama. Hapo pana mtu.”

Sikuelewa. Akachukua gitaa, akapiga kipande kile kile, akanyamaza, na katika ule ukimya akaimba kwa mdomo, taratibu, sauti ya gitaa jingine. Akapiga tena. Akanyamaza. Akaimba.

Ilikuwa sekondi solo. Kwenye bendi ile alikuwepo mwenzake aliyepiga gitaa la pili, wakiitana pacha. Nilimjua nikiwa mtoto, alikuwa anakuja kwetu Idd na pipi mfukoni. Alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita. Nikarudi kwenye kompyuta, nikatoa dilei, nikayasikiliza mapengo upya. Mengine yalikuwa ya vidole, kweli. Lakini mengi yalikuwa mahali pale pale ambapo pacha angejibu. Baba alikuwa anamwachia nafasi marehemu, na mimi nilikuwa nimeijaza nafasi hiyo kwa sauti yake mwenyewe.

Ninyi watu wa hadithi mtanielewa haraka. Bibi akisema “Paukwa!”, mtoto hajibu “Paukwa!” Anajibu “Pakawa!” Akirudisha neno lile lile, bibi atajua huyu amesinzia, na hadithi haitaendelea.

Sisemi dilei ni kitu kibaya. Sam Phillips alitengeneza mwangwi mfupi wa utepe pale Memphis miaka ya hamsini, na King Tubby wa Kingston aliugeuza mwangwi kuwa ala kamili. Mpiga gitaa anayeipenda dilei anaisikia wakati anapiga. Anaiachia nafasi, anacheza nayo. Baba hakuisikia. Alikuwa anazungumza na mtu mwingine, mimi nikaja usiku nikabadilisha aliyekuwa anazungumza naye. Na nilifanya hivyo kwa aibu, nikaiita huruma.

Wiki iliyofuata nilifungua traki ya pili. Kaka zangu walilikataa gitaa zamani. Mimi nililishika kidogo nikiwa sekondari, nikaliacha. Baba akawa ananiimbia majibu ya pacha, mimi nayatafuta kwenye nyuzi. Vidole vyangu kumi ni vizima na vilikuwa vinakosea kuliko vyake. Dilei niliiacha kwenye noti ya mwisho tu, marudio mawili, sauti ya juu imekatwa. Hiyo aliikubali. Alisema inafanana na ukumbi watu wakishaondoka.

Siku ya kurekodi tulikaa tunatazamana, magoti karibu yagusane. Akapiga neno lake, akanyamaza, akanitazama. Nikajibu.

“Umechelewa,” akasema. “Rudia.”