Mpeleke na babu yao

Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya Nairobi. Hapo imesimama injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, moja kati ya 34 zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake unazidi tani 250, na injini za aina hii zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi.

Mama mmoja aliwapeleka wanawe wawili kuiona, akamchukua na baba yake, mstaafu wa reli. Nyumbani mzee huyo si msemaji. Watoto walipiga picha, wakataka kuondoka. Babu akapanda polepole hadi chumba cha dereva, akawaita.

Akawaonyesha mahali moto wa mafuta ulipowaka, kisha kioo cha kupimia maji. Maji yakipungua mno, boila huweza kulipuka. Yeye, kijana msaidizi wa dereva, alikikodolea macho kioo hicho usiku kucha.

“Babu, ulikuwa unaogopa?” mdogo akauliza.

“Kila safari,” akajibu. “Lakini mama yenu alihitaji karo.”

Binti yake alikuwa hajawahi kusikia hayo.

Mzazi, ukipanga matembezi ya likizo, mpitie na mzee. Mwache aeleze mwenyewe, hata akichukua muda. Namba na miaka watoto watazisoma siku yoyote.