Gazi na Uteuzi wa Maafisa wa Elimu

Aghalabu mhakiki anapoichunguza fasihi andishi ya Kiswahili ya wakati wa ukoloni, huanza na kitabu na mwandishi wake. Ni nadra kuanza na afisa wa elimu aliyekiidhinisha kitabu hicho. Hata hivyo, namna afisa huyo alivyoteuliwa na kuandaliwa ni sehemu ya historia ya fasihi yenyewe, na Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, inalidhihirisha jambo hili.

Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi alipovuka mpaka mwaka 1896 na kujisalimisha kwa Wajerumani. Jumba linalonasibishwa naye lilikuja kuwa shule ya msingi. Mtawala alitoka, darasa likaingia. Na pamoja na darasa likaja swali: ni nani atakayeamua mtoto wa Gazi asome nini, na kwa Kiswahili cha wapi?

Waamuzi walitafutwa mbali. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilimleta Nelson Fraser kutoka Bombay awe mshauri wa elimu. Idara ya Elimu ilipoundwa mwaka 1911, J. R. Orr akawa mkurugenzi wake wa kwanza, H. S. Scott, aliyeishika idara hiyo mwaka 1928, alitoka Transvaal. Huko London, Ralph Furse, msimamizi wa uajiri katika Wizara ya Makoloni, hakutumia mtihani wa maandishi kama ule wa utumishi wa India. Alitegemea barua za wadhamini na usaili, akipima tabia, haiba na malezi ya mwombaji. Kuanzia mwaka 1927 walimu waliokusudiwa makoloni waliandaliwa katika chuo cha ualimu cha London, kilichoitwa Institute of Education tangu 1932.

Maandalizi hayo yalizaa matokeo ya kifasihi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, chenye hazina kongwe ya ushairi, kikashindwa. Chifundi na Kivumba, lahaja za pwani ya kusini, hazikuwamo hata katika mashindano. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, katibu wake akiwa Frederick Johnson, ikawa mlango wa kupitia vitabu vya shule. Waafrika hawakuketi katika vikao vyake hadi miaka ya 1940.

Haitakuwa insafu kukana manufaa ya usanifishaji: ulimpa mwandishi wasomaji kutoka Lamu hadi Kigoma. Wala Johnson hakuwa mgeni wa lugha. Kasoro imo katika vigezo. Wakati huohuo pwani ilikuwa na njia yake ya kuandaa wajuzi. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, wa ukoo uleule wa Mbaruk, alilelewa katika elimu hiyo, akaasisi gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Dola ilimpa mamlaka juu ya ndoa na mirathi. Mamlaka juu ya kitabu cha mtoto ilimpa aliyefaulu usaili wa London.

Hivyo, mhakiki anapokisifu au kukilaumu kitabu cha enzi ile kwa lugha yake, yafaa kwanza aulize ni kalamu ya nani iliyopita juu ya muswada. Swali hilo lazistahili pia kamati zinazoteua vitabu vya shule leo.